Pakiti ya Unga Pia Ni Kitabu

Wazazi wengi hutuambia, "Sina pesa ya vitabu, mtoto atangojea shule." Kwani pakiti ya Jogoo haiko jikoni? Mtoto wa miaka mitatu huitambua kwa ile picha ya jogoo, lakini huko bado si kusoma. Unga ukiisha, kata sehemu ya jina peke yake, umwonyeshe J kwa kidole. Ni jina la nani hapa nyumbani huanza hivyo? La Juma, la Jane! Mwache aiandike mchangani. Njiani someni DUKA, M-PESA, na zaidi HATARI kwenye nguzo ya stima. Hilo alijue mapema, asije akapanda. Mama asiyejua kusoma naye asione haya: amwite kifungua mimba, wajifunze wote watatu.