Urithi wa Mlimani: Fungu ni Haki, Kukata Ardhi si Lazima

Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, umekaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda. Upande wa Uganda, katika wilaya kama Bududa, Wamasaba hulima kahawa na migomba kwenye miteremko mikali. Udongo una rutuba na mvua ni nyingi, lakini watu wameizidi ardhi.

Kwa mila ya huko, kijana akishatahiriwa hutarajia babake amkatie kipande cha shamba. Kila kizazi kipande hupungua. Aliyekosa hupanda juu zaidi, akafyeka miti na kuchimba ubavu wa kilima apate uwanja wa kujengea. Mizizi iliyoshika udongo hutoweka, na kilima kilichochimbwa chini hukosa egemeo. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, udongo hulowa, huwa mzito, kisha huporomoka.

Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi kilifukiwa; mamia ya watu walikufa au kutoweka. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, na wapo waliorejea mlimani, kwani shamba la baba haliachwi kirahisi. Maporomoko yaliua tena Bududa Oktoba 2018, na Bulambuli Novemba 2024. Hata Mbale, mji ulio chini ya mlima, kilikofunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu mwaka 1988, ulikumbwa na mafuriko Julai 2022.

Upande wa Kenya, makazi ya Chepyuk yalianzishwa mwaka 1971 katika ardhi iliyokuwa msitu. Ugomvi juu ya mgawo wake ulichochea mapigano ya mwaka 2006 hadi 2008.

Wapo watakaosema: basi tuwanyime mabinti, shamba lisizidi kukatika. Hiyo ni dhuluma, wala haiuokoi mlima, kwani hata pale wanapogawiwa wavulana peke yao ardhi imekwisha. Sheria imempa kila mrithi fungu lake. Haikuamuru kwamba fungu hilo lazima liwe ukanda wa udongo wenye mpaka wake. Wanazuoni wa fiqhi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi, walikwisha kuijadili mali ambayo ikikatwa hupoteza manufaa yake, wala hawakuona kuwa mshirika mmoja aweza kuwalazimisha wenzake waikate.

Kwa hiyo warithi wanaweza kuliacha shamba likiwa moja, wakagawana mavuno kwa mafungu yao. Au mmoja awanunulie wenzake haki zao kwa bei ya kuridhiana, hata kama ni kwa awamu, yakaandikwa mbele ya mashahidi. Sehemu yenye mteremko mkali ibaki ya wote, ipandwe miti, asijenge mtu. Penye yatima, msimamizi ahakikishe fungu lake limetajwa katika maandishi hayo kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.