Aliyetenda maovu wakati wa vita: je, dawa ni gereza tu?

Swali hili linatuhusu sisi wa Lusangi, na wote wa Kasongo na Kabambare: mtu aliyeshika silaha akaumiza wengine, akirudi kijijini, tumfanyie nini? Wengine wanasema: gereza. Wengine: yamepita, tusamehe. Kuna njia ya tatu, lakini ina masharti.

Tuanze na sheria. Mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002, yaliyothibitishwa Sun City Aprili 2003, yalileta serikali ya mpito. Sheria ya msamaha ya 2005 ilisamehe matendo ya vita, lakini haikusamehe uhalifu wa vita, mauaji ya kimbari wala uhalifu juu ya ubinadamu. Kwa hiyo mchungaji au chifu hawezi kumaliza kesi ya kubaka kwa mbuzi wawili. Tena, Desemba 2022 inchi yetu ilitoa sheria ya kuwalinda wahanga na kuwalipa fidia, na mfuko wa FONAREV uko kwa kazi hiyo.

Inchi nyingine zimejaribu njia ya kurudisha. Kwa Waacholi wa Uganda kuna mato oput: ukoo wa muuaji unakubali kosa, unalipa fidia, kisha pande mbili zinakunywa pamoja dawa ya mzizi mchungu. Colombia, baada ya mapatano ya 2016, iliunda mahakama ya pekee. Anayesema ukweli wote mapema anapewa miaka 5 mpaka 8 ya kutumikia jamii, kama kutafuta waliopotea au kuondoa mabomu ya ardhini, huku uhuru wake ukipunguzwa. Anayekana, akihukumiwa, anaweza kufungwa miaka 20. Mwezi wa Septemba 2025 viongozi saba wa zamani wa FARC walipewa miaka 8 ya namna hiyo kwa kuteka watu zaidi ya 21,000. Wahanga wengine waliona adhabu hiyo ni ndogo. Tusiwalaumu.

Angalieni: pote ukweli unatangulia, na malipo yanafuata. Ndivyo alivyofanya Zakayo (Luka 19:8). Hakutubu kwa mdomo tu. Aliahidi kurudisha mara nne. Na Paulo, akimwombea Onesimo, hakuficha deni. Alisema yeye mwenyewe atalilipa (Filemoni 18-19).

Basi kanisa lifanye nini?

Moja: tusimwite mjane mbele ya ibada ampe mkono aliyemwulia mume, eti kwa sababu mtu huyo ameokoka leo. Msamaha wa kulazimishwa ni jeraha la pili.

Mbili: kwa mifugo iliyoibwa, nyumba zilizochomwa na mashamba yaliyonyang'anywa, baraza liketi. Mhanga aseme kwanza. Hasara ihesabiwe, na aliyekosa ajenge, alime, arudishe, mbele ya mashahidi.

Tatu: kwa mauaji na kubaka, tumsindikize mhanga kwa muganga na kwa mahakama, tena tutunze siri yake. Kazi yetu hapo si kupatanisha haraka.

Mtu anaweza kumaliza miaka kumi gerezani bila kumtazama mjane usoni hata mara moja. Anaweza pia kukaa kijijini bila kulipa kitu. Kwa yote mawili, mjane ndiye anayebaki na deni. Wazee wa kanisa, kabla ya kumpokea mtu mezani pa Bwana, mwulizeni: umerudisha nini?