Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Wahenga walinena ya kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana ya maneno hayo niliipata usiku mmoja mtaani kwetu Lamu, nilipokuwa kijana.

Ulikuwa msimu wa kaskazi, makuti yamekauka na upepo wavuma. Uliposikika ukelele wa "Moto! Moto!" sote tulitoka mbio, huyu na ndoo, yule na sufuria. Wengi tulikuwa, lakini mpango hatukuwa nao. Umati mzima uligombea kisima kimoja. Mimi nilishughulika kutoa masanduku ya nguo. Hakuna aliyemkumbuka jirani yetu, bi kizee asiyeona, aliyelala chumba cha nyuma. Alipokumbukwa, paa lilikwisha kuanguka. Nguo zilipona, bi kizee hakupona. Haya ile ninayo mpaka leo.

Lamu, msomaji mpenzi, ni mji wa punda na vichochoro. UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini uzuri huo huo ndio hatari yetu, kwani gari la zimamoto halipenyi mahali ambapo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Moto umewahi kuteketeza tena nyumba za Mji wa Kale. Anayewahi hapa ni jirani.

Ndiyo maana nilifurahi juzi kuwakuta vijana wa mtaa barazani, wamekaa na daftari. Hawana mshahara wala sare. Wamegawana kazi: huyu wa kupiga simu 999 au 1199 ya Msalaba Mwekundu, hawa wa kupanga mstari wa ndoo kutoka kisimani, wale wa kuezua makuti ya paa la jirani ili cheche zisipate pa kushika. Wanafundishana kwamba mafuta yakiwaka jikoni hayamwagiwi maji, bali sufuria hufunikwa na moto wa jiko huzimwa. Kwamba umeme hukatwa kwanza kwenye swichi kuu. Kwamba aliyeungua hapakwi dawa ya meno, humwagiwa maji safi ya baridi yasiyo ya barafu kwa dakika ishirini, kisha akapelekwa hospitali.

Mambo haya si mageni kwetu. Chuoni, mwalimu wangu alitufundisha kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuacha moto ukiwaka nyumbani watu wanapolala, na kwamba haki ya jirani ni kubwa. Tuliyahifadhi maneno, tukasahau kuyapangia kazi.

Kijana mwenye daftari aliniamkia, kisha akauliza:

"Ami, nyumbani kwako nani hawezi kutembea?"

Nilinyamaza kidogo. Kwa miaka yote tangu usiku ule, swali hilo sikupata kuulizwa, wala mimi sikumwuliza mtu.

"Mama yangu, mwanangu. Chumba cha ndani, mkono wa kulia ukipita ukumbi."

Akaandika. Kando ya jina la mama akaandika majina mawili ya vijana wanaokaa nyumba ya pili, nao wakaitwa pale pale, wakaja kuonyeshwa mlango. Mama akawapapasa nyuso, akauliza ni wana wa nani.

Nawe, msomaji, mtaani kwako nani hawezi kutembea? Na atakayembeba, anajijua?