"Mmeelewa?" haipimi kuelewa

Mwalimu wa sayansi amejaza ubao kwa maelezo ya usanisinuru, wanafunzi wamenakili, naye anageuka: "Mmeelewa?" "Ndiyooo mwalimu!" Itikio hilo utalisikia Shirimatunda na kote Moshi, na watoto hawadanganyi. Maneno wanayatambua. Ila kutambua kilicho mbele ya macho ni kazi moja, kukitoa kichwani daftari likiwa limefungwa ni nyingine, na shuleni tunazoeza zaidi hiyo ya kwanza.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu viwili. Kimoja walikirudia kusoma. Kingine waliandika walichokumbuka bila kukiangalia tena. Baada ya dakika 5 kile kilichorudiwa kiliongoza, asilimia 81 kwa 75. Wiki moja baadaye kilishuka hadi 42, na kile cha kujikumbusha kikabaki 56. Ndiyo maana anayekesha akirudia daftari hujiona ameiva, kumbe bado.

Mwalimu mwenye watoto sabini hahitaji kompyuta kuwazoeza kujikumbusha. Madaftari yafungwe, kila mmoja achore jani la mgomba kwenye kipande cha karatasi na aonyeshe kinachoingia na kinachotoka: mwanga, maji, kabonidayoksaidi, oksijeni. Kisha wafungue, wajisahihishe. Alama hazihitajiki. Swali hilohilo lirudi wiki ijayo, halafu tena mwezi ujao, wakiwa wameshaanza kusahau; kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakoimarisha kumbukumbu.

Fimbo iwekwe mbali. Hofu ikipanda, mwili humwaga homoni ya kotisoli, nayo huvuruga hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotusaidia kuvuta tulichojifunza. Mtoto anayejua jibu anabaki kukodoa macho, kisha anachapwa kwa "uvivu".

Wazazi nao wana lao. Mtoto aliyelala saa nne usiku anaamshwa saa kumi alfajiri aende tuisheni. Katika usingizi mzito hipokampasi huyapitia upya mambo ya mchana, na kidogokidogo yakajengeka kwenye gamba la ubongo, yanakodumu. Mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Huyu kapata sita. Mimi ningeifuta tuisheni hiyo ya alfajiri hata mtihani wa darasa la saba ukiwa mwezi ujao, ingawa najua ni wazazi wachache watakaonielewa.