Tulipopanga Mbio za Magari za Garissa

Msomaji, mimi si dereva wa mashindano. Gari langu kuukuu, likipanda mwinuko wa Mazeras, hutweta kama hamali aliyebeba magunia mawili. Hata hivyo, vijana watatu wa Mombasa, mmoja wao mpwa wangu, walinijia barazani na ramani kwapani, wakasema wataandaa mbio za magari za watu wa kawaida kutoka Mombasa hadi Garissa na kurudi. Wakanitaka niwe karani wao. Nilikubali kabla kahawa haijapoa.

Nilikubali kwa sababu ya utoto. Miaka ya 1970 tulikuwa tukitoroka chuoni kwenda kuyaangalia magari ya Safari Rally, na bakora ya maalim ilikuwa ikitungoja. Mashindano yale yalianza 1953, kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya dukani, yakapangwa makundi kwa bei yake. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa shujaa. Mwaka 1963, na tena 1968, yalifika magari 7 tu! Matope ya Pasaka yaliyameza mengine.

Basi vijana nao wakashikilia Pasaka. Bila matope, walisema, hakuna rali.

Februari tulikwenda kuikagua njia: Malindi, Garsen, Hola, Bura, hata Madogo, kisha tukavuka daraja la Tana tukaingia Garissa. Mwenyeji wetu ni fundi wa makamo, Msomali, mwenye gereji chini ya mgunga. Alituandalia chai ya maziwa ya ngamia, akaisikiliza ratiba yetu mpaka mwisho.

"Maalim," akaniambia, maana aliiona kofia yangu, "Pasaka mwaja kushindana au kuvua samaki?"

Akatueleza. Tana haungoji mvua ya Garissa. Maji yake hutoka Mlima Kenya na nyanda za Aberdare, kwa hivyo mto waweza kufurika huku mbingu ya Garissa ni nyeupe. Novemba 2023 barabara ilikatika upande wa Madogo, watu wakavuka kwa mashua. Na ule udongo mweusi ukilowa, gari huzama hadi milangoni. Nani atalivuta? Msimu huo, ambao wao huuita gu, ndio huo huo wa Pasaka yetu.

"Basi, Ami, tufanye wakati kama huu wa kiangazi," akasema mpwa wangu.

Fundi hakucheka safari hii. Jilaal, alisema, ndio wakati wafugaji wanapoteremsha mifugo mtoni na visimani. Vumbi la gari la kwanza litamficha ngamia mbele ya gari la pili. Tena wengi hapa walipoteza mifugo katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua ikakosekana misimu mitano mfululizo. Mtu wa namna hiyo atayatazamaje magari yanayopita mbio, yamejaa madumu ya maji?

Tulinyamaza sote. Mwishowe tukakubaliana na Agosti, wakati wa hagaa, mto ukiwa umepungua na malisho yangalipo. Ijumaa magari yatasimama mapema kwa ajili ya sala.

Shauri langu moja nililipigania, na mpwa wangu alininunia kutoka Bura hadi Garsen tuliporudi. Kila gari litapangiwa saa ya kufika kituoni. Atakayechelewa atakatwa pointi. Atakayewahi atakatwa mara mbili. Kati ya Hola na Bura niliona watoto wakivuka barabara na mbuzi wao. Sitaandika mimi kitabu cha njia kitakachomlipa mtu kwa kuwapita hao mbio.

Wajir na Mandera tumeziacha, ijapokuwa vijana walizitamani. Ruhusa ni ya polisi, na njia zile zimeua wasafiri: Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa. Fundi hakubisha, ila alikumbusha kwamba mkoa wao ulitiwa chini ya hali ya hatari Desemba 1963, isiondolewe hadi 1991.

"Rali za babu zenu zilifika Kampala na Dar es Salaam," akasema. "Sisi tulizisikia redioni. Wageni wetu siku hizi huja kuandika habari za mauaji. Njooni na magari."

Tulipokuwa tukiaga alinivuta kando. Nyuma ya gereji alikuwa na Land Rover ya zamani, mlango mmoja hauna, tairi nne za aina nne. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama litapokewa.

Nikalifungua daftari langu, ambalo lilikuwa bado tupu, nikamwandika namba 1.