Amplifaya ya Zamani Ikinyamaza Upande Mmoja: Usiitupe, Safisha Rilei

Katika nyumba nyingi za askari, polisi na wastaafu, tangu kambini hadi kijijini, kuna chombo kimoja kisichokosa heshima yake sebuleni. Nacho ni amplifaya ya zamani, ile nzito yenye uso wa bati la kung'aa na vitufe vikubwa vya kuzungusha, iliyotengenezwa na Sansui, Pioneer, Kenwood au Technics katika miaka ya 1970 au 1980. Bwana aliinunua kwa jasho lake, na bibi akaifumia kitambaa cha kuifunika. Chombo hicho kikianza kunyamaza upande mmoja, mara nyingi huhukumiwa kufa ingali hai. Leo tutaeleza ugonjwa mmoja mdogo unaozifanya amplifaya nyingi zitupwe bure, na namna ya kuutibu bila kuhatarisha maisha ya mtu.

KISA CHA MZEE WA AYIVU

Kiangazi kilichopita nilifika Ayivu, mojawapo ya sehemu mbili za jiji la Arua tangu mji huo ulipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja, sajenti mstaafu. Jamaa yake, kama jamaa nyingi za Nile Magharibi, ilikimbilia ng'ambo ya mpaka baada ya vita vya mwaka 1979 na machafuko ya 1980, ikarudi miaka kadhaa baadaye mikono mitupu. Amplifaya yake ndiyo iliyokuwa kitu cha kwanza cha fahari alichonunua baada ya kurejea. Hadi leo huikodisha katika arusi na matanga, na fedha zinazopatikana ndizo zinazolipa karo ya wajukuu wake wawili.

Siku ile ilikuwa Jumatano. Spika ya kulia ilikuwa imenyamaza, na arusi iliyokodi mashine ilikuwa Jumamosi. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba transista zimekufa, akataja malipo yaliyokaribia bei ya mashine nyingine. Mzee alikuwa tayari kuiuza kwa bei ya vyuma chakavu.

"Afande," nikamwuliza, "ukiongeza sauti sana, je, upande ule hurudi?"

"Hurudi, mwanangu," akajibu. "Hukoroma kidogo, kisha huimba vizuri. Nikipunguza, hunyamaza tena."

Jibu lile likanionyesha pa kuanzia. Transista iliyokufa haifufuki kwa kuongezewa sauti.

RILEI NI NINI?

Washa amplifaya ya aina hiyo, kisha utege sikio. Baada ya sekunde tatu hadi tano utasikia mlio mdogo, "tik", ndipo muziki uanze. Mlio huo ni wa rilei. Rilei ni swichi isiyobonyezwa kwa kidole, bali huvutwa na sumaku ya umeme. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Umeme ukipita katika koili, koili hugeuka sumaku na kuvuta kibamba cha chuma. Kibamba hicho husukuma vidole vidogo vya madini ya fedha hadi vikagusana. Vidole hivyo mafundi huviita kontakti. Vikigusana, sauti hupita kwenda kwenye spika. Vikiachana, njia hukatika.

Uvumbuzi huu si wa jana. Mmarekani Joseph Henry aliuonyesha mnamo mwaka 1835, na simu za maandishi za Samuel Morse, zilizozinduliwa kati ya Washington na Baltimore mwaka 1844, zilisaidiwa na kanuni hiyo hiyo: umeme uliofika umechoka ulitumiwa kuamsha umeme mwingine wenye nguvu, kama wajumbe wapokezanao barua njiani.

Katika amplifaya rilei ni mlinzi wa zamu. Kwanza, huzuia kishindo cha kuwashia kisiifikie spika. Pili, na hili ndilo kubwa, ikitokea transista ya mwisho imeungua na kuachilia umeme wa mkondo mmoja kwenda kwenye spika, rilei hukata njia mara moja. Piga hesabu mwenyewe: volti 40 za mkondo mmoja zikiingia katika spika ya omu 8 huzaa joto la wati 200 ndani ya koili nyembamba kama uzi. Spika huungua, na karatasi yake yaweza kushika moto ndani ya nyumba.

KWA NINI HUUGUA?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kontakti nazo ni vidole viwili. Visipokutana sawasawa, kazi haifanyiki. Fedha ni madini mema kwa kupitisha umeme, lakini ina adui mmoja, nayo ni salfa. Kila bibi mwenye bangili au kijiko cha fedha anajua jinsi vinavyoingia weusi. Weusi huo ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani. Moshi wa dizeli wa jenereta una salfa, na kibatari cha mafuta ya taa nacho huitoa. Nile Magharibi iliishi miaka mingi kwa jenereta na vibatari. Bwawa dogo la Nyagak, lenye uwezo wa megawati 3.5, lilianza kutoa umeme mwaka 2012, na mkoa haukuunganishwa na gridi ya taifa hadi mwaka 2024. Amplifaya iliyodumu Arua miaka 30 imevuta moshi mwingi, pamoja na vumbi jekundu la kiangazi.

Utando ule mweusi ni mwembamba sana. Sauti ikiwa kubwa, umeme huwa na nguvu ya kuupasua na kupita. Sauti ikiwa ndogo, umeme hushindwa. Ndiyo sababu upande mgonjwa hurudi unapoongeza sauti. Aidha, kontakti zinapoachana muziki ukiwa mkubwa, cheche huruka na kuacha mashimo na masizi.

HAKIKISHA KABLA YA KUFUNGUA

Kabla ya kushika bisibisi, uliza maswali manne.

Kwanza, zima mashine, kisha ubadilishane nyaya za spika: ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia. Ukimya ukihama pamoja na spika, ubovu uko katika spika au waya wake. Ukimya ukibaki upande ule ule wa amplifaya, endelea.

Pili, badilishana nyaya zinazoleta muziki kutoka redio au kaseti. Ukimya ukihama, chanzo cha muziki ndicho kibovu.

Tatu, zungusha taratibu kitufe cha sauti, kisha swichi ya kuchagulia spika. Mkwaruzo ukisikika unapozungusha tu, uchafu umo katika kitufe au swichi hiyo, wala si katika rilei.

Nne, sikiliza ule mlio wa "tik". Usiposikika kabisa na pande zote mbili zikawa kimya, usidhani kontakti ni chafu. Huenda mlinzi ameona hatari na kukataa kufungua lango. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi.

USALAMA KWANZA

Ndugu askari, umefundishwa kuihakiki silaha kabla ya kuisafisha, hata kama umeambiwa haina risasi. Fanya vivyo hivyo hapa. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Ndani mna kapasita mbili kubwa, mfano wa makopo madogo, ambazo huweza kushika volti 40 hadi 70 hata baada ya plagi kuchomolewa. Subiri, kisha upime kwa mita. Zikiwa bado zina umeme, zimalize kwa rezista ya omu 100 yenye wati 10, iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki, halafu upime tena. Usizipige kwa bisibisi ili kutoa cheche. Watoto wasikaribie, na mtu asifanye kazi hii peke yake usiku. Asiyejua kutumia mita na ampelekee fundi mwaminifu makala hii, asijaribu.

JINSI YA KUSAFISHA

Rilei hukaa karibu na mahali nyaya za spika zinapotokea, nayo ni kisanduku kidogo cha plastiki, mara nyingi cheupe kinachoona ndani. Nyingine zina kifuniko kinachochomoka. Nyingine hulazimu kung'olewa kwa chuma cha kulehemu.

Kata vipande vyembamba vya karatasi safi, ngumu kiasi, isiyo na nyuzi. Lowesha kimoja kwa spiriti safi au dawa maalumu ya kusafishia kontakti. Kipitishe katikati ya vidole viwili, bonyeza kibamba cha chuma polepole kwa kidole, kisha ukivute kipande taratibu. Kitatoka na mstari mweusi. Rudia kwa kipande kipya, na kipya tena, hadi karatasi itoke nyeupe. Malizia kwa karatasi kavu, uangalie pasibaki hata unyuzi mmoja. Fanya pande zote mbili, hata ule usiougua.

Hapa nawaonya hasa madereva wa zamani. Mlizoea kukwangua pointi za Land Rover kwa msasa au tupa, na gari likawaka. Lakini pointi za gari zilitengenezwa kwa tangsteni, madini magumu sana. Kontakti za rilei ni fedha laini, na nyingine zimepakwa utando wa dhahabu. Msasa ukipita mara moja dhahabu imekwisha. Ukipita mara nyingi, vidole havikutani tena sawasawa. Wala usipulizie mafuta ya kulainishia bawaba, kwa maana hunasa vumbi na huungua kwa cheche.

Kontakti zenye mashimo makubwa au zilizoungua hazisafishiki. Badilisha rilei nzima. Mpya ilingane na ya zamani kwa mambo matatu: volti za koili, ambazo huandikwa ubavuni, kwa mfano volti 24, ampia za kontakti, zisipungue za awali, na mpangilio wa miguu.

Kuna kosa moja lisilosameheka: kuunganisha waya juu ya kontakti ili sauti ipite bila rilei. Mashine italia vizuri siku ile, na mwenye mali atamshukuru fundi. Lakini mlinzi amefungwa kamba, na transista ikiungua usiku wa arusi hakuna wa kuukata umeme.

KUJARIBU NA KUTUNZA

Rudisha vifuniko, kisha uwashe mashine bila spika wala muziki. Ukisikia "tik", pima umeme wa mkondo mmoja katika matundu ya spika za kila upande. Usizidi milivolti 50. Ukizidi sana, zima na utafute fundi. Ukiwa salama, unganisha kwanza spika ya bei ndogo, sikiliza kwa sauti ya chini, ndipo uunganishe zilizo nzuri.

Baada ya hapo, matunzo ni kazi ya nyumba nzima. Punguza sauti kabla ya kuwasha na kabla ya kuzima, ili kontakti zisiachane kwa cheche. Weka amplifaya mbali na jiko na jenereta. Kitambaa kiwekwe mashine ikiwa imezimwa na imepoa, maana ikiwaka huhitaji hewa. Umeme ukikatika, chomoa plagi, usiirudishe mpaka umeme utulie. Umeme dhaifu huifanya rilei ishike na kuachia mara kwa mara, na kila mara vidole hudhurika. Usiongeze spika ovyo, kwa kuwa spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na si kila mashine huweza mzigo huo.

Tukirejea Ayivu, kazi ilituchukua alasiri moja. Tulipofungua rilei ya Mzee tulikuta vidole vya kulia vimekuwa vyeusi kama sufuria ya makaa. Vipande saba vya karatasi vilitoka na uchafu. Cha nane kikatoka cheupe. Tulipima, tukaunganisha spika, na Mzee akashusha sauti hadi ikawa kama mtu anayenong'ona. Pande zote mbili zilisikika. Alikaa kimya kitambo, kisha akamwita mjukuu wake mkubwa aje asikilize. "Umeona?" akamwambia. "Karo yako ilikuwa imekwama hapa, mahali padogo kuliko punje ya mtama."

Jumamosi amplifaya ilikwenda arusini. Vipande vile vya karatasi Mzee hakuvitupa. Amevihifadhi katika bahasha ndani ya sanduku lake la vifaa, avionyeshe kwa yeyote atakayemwambia tena kwamba transista zimekufa kabla hajapima.