Mfumo Ukiwa Kwenye Matengenezo, Kazi Imefika Wapi?

Mfanyabiashara anayefika katika afisi ya mapato kulipia leseni huambiwa mara nyingine kwamba mfumo uko kwenye matengenezo, arudi baadaye. Baadaye ni lini? Nauli ameshatoa, duka amelifunga, na tarehe ya mwisho ya kulipa bila faini inakaribia. Swali hilo lina jibu, na sehemu kubwa ya jibu inaweza kutolewa na mfumo wenyewe.

Rekodi za leseni, kodi ya ardhi na ada za soko huhifadhiwa katika hifadhidata, yaani majedwali mengi yanayohusiana. Namba ya kiwanja iliyo katika jedwali la wamiliki ndiyo inayolitambua deni lake katika jedwali la malipo. Mojawapo ya programu zinazotumika sana kwa kazi hii duniani ni PostgreSQL, ambayo ni programu huria na haitozwi ada ya matumizi. Maelezo yanayofuata yanahusu programu hiyo.

Mkaazi anapolipa na rekodi yake kubadilika kutoka "anadaiwa" kuwa "amelipa", PostgreSQL haifuti rekodi ya zamani papo hapo. Huandika mpya na kuiacha ile ya zamani mahali pake, kwa sababu huenda afisa mwingine anaisoma wakati huo huo. Msimu wa malipo ukipamba moto, rekodi zilizopitwa na wakati hurundikana kama takataka sokoni jioni, na kutafuta jina moja huchukua muda mrefu zaidi. Kazi ya kuzifagia huitwa VACUUM. Kwa kawaida hujiendesha yenyewe, na mafundi pia wanaweza kuianzisha. Kuiahirisha mwaka nenda mwaka rudi ni hatari: kila badiliko hupewa namba, na namba hizo zina kikomo cha takriban bilioni 2. Hifadhidata ikikikaribia bila kufagiwa, hukataa kuandika chochote kipya, hata malipo ya shilingi 50.

VACUUM ya kawaida haizuii mtu kulipa. Inayozuia ni VACUUM FULL, ambayo huliandika jedwali upya na kulifunga kabisa hadi kazi iishe. Kwa hiyo si kila "matengenezo" ni sababu ya kumrudisha mwananchi nyumbani.

Tangu toleo la 9.6, lililotoka mwaka 2016, fundi anaweza kuangalia orodha iitwayo pg_stat_progress_vacuum. Humwonyesha hatua iliyofikiwa, idadi ya kurasa zote za jedwali na idadi ya zilizokwisha kupitiwa. Kwa kawaida ukurasa mmoja ni kilobaiti 8, hivyo jedwali la kurasa 500,000 lina takriban gigabaiti 4. Kurasa 350,000 zikiwa zimepitiwa, hiyo ni asilimia 70.

Asilimia 70 ya nini, lakini? Hapo ndipo wengi hukosea. Ni asilimia ya kurasa zilizosomwa, si ya muda. Baada ya kusoma, VACUUM huingia kwenye faharasa, zile orodha zinazosaidia kupata rekodi haraka kama faharasa ya mwisho wa kitabu. Wakati huo hesabu ya kurasa husimama tuli, hata kwa saa nzima jedwali likiwa kubwa. Asiyejua hudhani kazi imekwama na kuikatiza. Anayejua hutazama safu ya hatua kwanza, kisha namba. Toleo la 17 la mwaka 2024 limeongeza hesabu ya faharasa zote na zilizomalizika, na hivyo kuondoa sehemu ya kubahatisha.

Kujenga faharasa mpya nako hufuatiliwa, tangu toleo la 12 la mwaka 2019. Kwa njia inayoruhusu malipo kuendelea, kazi hii hulazimika kusubiri shughuli zilizoanza kabla yake ziishe. Mara nyingine kinachoichelewesha ni ripoti moja iliyoachwa wazi kwenye kompyuta fulani tangu asubuhi. Orodha ya maendeleo huonyesha ni shughuli ngapi zinasubiriwa na ni ipi inayosubiriwa sasa, na fundi huweza kumpigia simu mwenzake aifunge. Akiamua badala yake kuikatiza kazi, faharasa isiyotumika hubaki ikichukua nafasi. Itabidi iondolewe, na kazi ianze upya.

Kwa mkaazi, tangazo lenye maana hutaja kama malipo yanaendelea au yamesimamishwa, kazi iko hatua gani, na habari mpya itatolewa saa ngapi. Saa ya kumaliza ni makadirio tu. Saa ya kutoa habari inayofuata ni ahadi inayoweza kutimizwa, na kwa mwenye kibanda anayehesabu nauli hiyo ina faida kubwa kuliko "rudi kesho". Ni haki kumuuliza afisa aliye dirishani mambo hayo matatu.

Aliyelipa kwa M-Pesa kabla tu ya mfumo kusimamishwa na hajapata risiti ya kaunti asilipe tena. Ahifadhi ujumbe wenye namba ya muamala, angoje matengenezo yatangazwe kuisha, kisha aangalie rekodi yake. Ikiwa bado anaonekana anadaiwa, apeleke namba hiyo pamoja na namba ya leseni au kiwanja katika afisi ya mapato ya kaunti ndogo yake, malipo yatafutwe na kulinganishwa. Anayekaribia tarehe ya mwisho naye aandike siku na saa aliyojaribu kulipa akashindwa, kwani maelezo hayo yatahitajika akiomba faini iangaliwe upya.